Mfenesi ndani ya chupa: niliyoyaona Malindi nikitafuta mti badala ya mwaloni

Kuna watu wakiona kinywaji kimegeuka rangi ya asali wanaamini bas, hicho kimezeeka, yani kimekaa na mti muda mrefu. Mi huwaambia kila siku rangi ni kitu rahisi mno, hata majani ya chai yanakupa rangi, na huko Scotland kwenyewe sheria yao inaruhusu kutia karameli kwenye wiski ili chupa zote zifanane. Sa mtu akitumbukiza kipande cha mbao kwenye vodka usiku, asubuhi akakuta imekuwa kahawia akaanza kuita majirani waje kuonja, ajue hapo kazi hata haijaanza. Mti unatoa rangi mbio mbio. Mengine yote unayatoa kwa kubembelezwa, na mengine hutaki kabisa uyatoe.

Mi kazi yangu ni ya jikoni, nimewapikia Wataliano miaka mingi, na kwa Malindi hiyo si habari mpya, tangu ule mradi wao wa San Marco wa kurusha setilaiti kule Ngomeni miaka ya 1960 hawa watu wamekuja wakajenga wakazeekea hapa hapa, vijana wa ufuoni Kitaliano wanakitema kuliko Kiingereza. Yule mama ninayempikia, anakaa upande wa Casuarina, ana ile tabia ya kwao ya kujitengenezea vinywaji nyumbani. Sio kupika pombe, hapana, hana mtambo na hataki kusikia habari zake. Ananunua alkoholi safi ya asilimia 96, ya chupa iliyofungwa na stempu ya ushuru, analoweka maganda ya malimau, anatia sukari na maji, hiyo ndo limoncello, kila Mtaliano ana yake na kila mmoja anasema ya mwenzake ni maji ya kuoshea vyombo. Sasa yeye akaingiwa na hamu ya kinywaji cha kukaa na mti. Akaniambia kwao grappa, ile pombe yao kali ya makapi ya zabibu, haikai kwenye mwaloni (oak) peke yake, kuna ya mcheri, kuna ya mforsadi, kuna ya akasia, halafu akaniangalia akauliza, nyinyi huku mna miti gani? Nikamwambia mama, miti tunayo mpaka basi, shida ni ipi inafaa.

Kabla hujajibu hilo swali inabidi ujue kwanza mbona dunia nzima imeng'ang'ania mwaloni. Sababu kubwa ni ya useremala, wala sio ladha. Mwaloni mweupe vinyweleo vyake vya ndani vimejiziba vyenyewe kwa hiyo pipa lake halivuji, na ukiupasha moto unapinda bila kuvunjika. Baadaye ndo zikaja sheria. Scotland wiski lazima ikae kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, si chini ya miaka 3. Marekani wiski yao ya bourbon lazima iingie kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na isiingie ikiwa kali kuliko asilimia 62.5. Lakini sisi hatutengenezi pipa na hatuuzi wiski, sisi tunatia vijiti kwenye mtungi wa glasi. Kuvuja hakutuhusu. Yani nusu nzima ya sababu ya mwaloni imeshaanguka hapo, imebaki ladha.

Na ladha yenyewe ukiijua inatoka wapi unaacha kubahatisha. Mbao ina vitu vitatu vya kuangalia. Kuna hemiselulosi, hii ukiipasha moto inavunjika inakuwa sukari zilizoungua kidogo, ndo unapata ule utamu wa karameli. Kuna lignini, hii ikipata moto inatoa vanilini, ambayo ni ile ile harufu ya vanila ya keki. Halafu kuna tanini, ule ukakasi unaokunja ulimi ukila bibo ambalo halijaiva sawasawa. Hivi vitatu karibu kila mti unavyo, vinatofautiana vipimo tu. Mwaloni una cha nne, laktoni zake, na hizo laktoni zina harufu ya nazi! Mi niliposikia hivyo nilicheka sana, yani watu wanalipa pesa ndefu ili wiski inukie nazi na sisi tumelala chini ya minazi.

Bas kitu cha kwanza nikasema tutie mnazi. Hapana. Gogo la mnazi halina uhusiano wowote na harufu ya nazi, ni nyuzi nyuzi tu, chupa ikatoka inanuka makuti yaliyonyeshewa, signora, ndo huyo mama ninayempikia, akanusa akairudisha mezani polepole kwa adabu. Nikamwaga, hata sikujuta manake ilikuwa chupa ndogo. Hilo nalishikilia mpaka leo, mti mpya unaujaribu na kikombe kimoja, hutii lita nzima.

Kwa wenye kupenda mnazi msivunjike moyo lakini. Sri Lanka wana kitu kinaitwa araki, ni tembo la mnazi, hili hili la kugema, wanalichemsha viwandani na kukusanya mvuke wake, kisha linakaa kwenye mapipa makubwa ya mti wao uitwao halmilla. Tembo kama letu, mti wa kwao, mwaloni haumo, na ni kinywaji cha heshima kinachouzwa dunia nzima. Brazili nao cachaça, pombe yao kali ya miwa, wanaiweka kwenye amburana na miti mingine ya msituni kwao. Nilimsimulia mjomba wangu, yeye ni mgema kule Kakuyuni, akacheka akasema mpwa wangu, tembo halingoji mti, tembo la asubuhi lanywewa leo, kesho limeshakuwa siki. Na kwa tembo bichi yuko sawa kabisa.

Sasa miti. Nilikwenda kwa fundi seremala mmoja, mtu wa asili ya Lamu, anachonga milango, karakana yake imejaa vipande vya kila namna. Akaniuliza mbao za nini. Nikababaika. Akaniangalia akasema, "Kama ni za siki ntakupa bure, na kama ni za lile jambo lenu na wazungu usiniambie." Nikamwambia ni za siki. Na siki kweli nilitengeneza, ntaifikia.

Huyu fundi ndo alinipa kanuni moja ambayo naona inashinda zote nilizosikia: mti unaomfanya seremala apige chafya usiutie kinywani. Mvule, mpingo, hizo wenyewe wakizikata wanafunga kitambaa puani, vumbi lake linawasha mapafu na ngozi. Mbambakofi ndo uhai wa milango ya Lamu, mti mzuri hauliwi na mchwa, lakini fikiria tu, mti ambao hata mchwa wanaukwepa una kitu ndani yake, kwa nini wewe uukamue na pombe kali unywe? Pombe inatoa vitu kwenye mbao ambavyo maji hayatoi.

Wengine wana kanuni yao, wanasema mti ambao matunda yake twala hauna neno. Inasaidia lakini usiiamini sana. Mkorosho matunda yake twala na mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, kila aliyewahi kubanika korosho utotoni anajua. Mwembe nao ni jamaa yake, utomvu wake ukikugusa mdomoni wengine wanavimba. Hiyo miwili mi nimeiacha, shamba zima la miembe liko hapo na sijagusa. Mwarobaini hakuna haja ya kuueleza, labda unataka dawa ya homa. Na mbao za dukani za kujengea sahau kabisa, nyingi zimetiwa dawa ya mchwa, zile za rangi ya kijani kijani hata kuchomea kuku usichomee. Gundi, rangi, vanishi, vipande vya kitanda cha zamani, yote hayo hapana.

Kitu kingine ni majina. Ile akasia ya Wataliano ya kutengenezea mapipa sio mgunga wetu, ni mti mwingine kabisa uliotoka Marekani, kwa hiyo mtu asikwambie akasia ni akasia ukaenda kukata mgunga njia ya Marafa. Na usiokote kijiti porini usichokijua. Huku kwetu kuna mti ambao wazee walikuwa wanachemsha mbao zake kupata sumu ya mishale ya kuulia tembo, tembo mnyama, sasa wewe jidai mjuzi.

Mkoko niliutaka sana kwa sababu ya Lamu na boriti na majahazi, nikaona itakuwa hadithi nzuri ya kusimulia wageni. Kwanza kukata mikoko ni mpaka kibali, kwa hiyo nilitumia kipande cha boriti kuukuu isiyo na dawa. Pili, magome ya mkoko watu walikuwa wanayatumia kulainishia ngozi za wanyama, yani ni tanini tupu. Chupa ilikuwa nyekundu iliyokoza kabla hata sijageuka, na ulimi ukakunjwa mpaka ukashindwa kusema grazie, asante ya Kitaliano. Hadithi nzuri, kinywaji kibaya.

Mkwaju ulikuwa afadhali, kiini chake cheusi kikavu kinatoa harufu nzuri ukikipasha moto, lakini ladha ni nyembamba, inaanza na haifiki.

Mfenesi ndo ulinikamata. Na haukuwa wa bahati nasibu. Mforsadi ambao kwao wanautumia kwa grappa na siki, ukoo wake ndo ule ule wa mfenesi, ukiukata shina mbichi utaona utomvu mweupe unafanana. Kuna mfenesi mkubwa ulikatwa Ganda kupisha nyumba, nikaomba pande la kiini, ile sehemu ya manjano ya katikati, ile nyeupe ya nje nikaacha. Ukipasha moto unatoa harufu ya asali na mkate, na ndani ya pombe unaleta kitu cha tunda lililokauka, sio fenesi lenyewe asante Mungu, maana signora harufu ya fenesi anaikimbia nyumba nzima.

Lakini ulinitesa mwanzoni kwa umanjano. Mbao mbichi ya mfenesi ni rangi tupu, watawa wa kule Asia wanatilia nguo zao rangi kwa hiyo mbao. Kwa hiyo inabidi uoshwe. Watengeneza mapipa mwaloni wao wanauacha nje unyeshewe miaka 2 au 3 ili mvua iondoe ukali, nami nikapanga vipande juu ya paa wakati wa masika, mvua ikapiga jua likapiga, maji yaliyokuwa yanachuruzika mwanzo yalikuwa na rangi na mwisho yakawa safi. Kama huna subira loweka kwenye ndoo ubadilishe maji mpaka yatulie, kisha ukaushe vizuri kabisa, kipande chenye unyevu kikiingia kwenye oveni kinachemka tu hakiokeki.

Kuoka ndo kazi yenyewe. Vipande vya ukubwa wa kidole, sio maranda, maranda na vumbi vinatoa kila kitu kwa mkupuo na huwezi kuvidhibiti. Nafunga kwenye foili, oveni digrii 200, saa moja na nusu hivi, mpaka jikoni kunukie. Ukipita hapo vanila inaanza kufa moshi unaingia. Kuna jamaa anaoka juu ya jiko la makaa, anapata ladha ya moshi anasema ndo wiski ya kweli, sawa, kila mtu na koo lake, mi naona ananywa mkaa.

Kipimo, gramu 5 kwa lita inatosha kuanzia, tumia mizani ya jikoni usikadirie kwa macho. Na pombe usiweke ile ya 96 ikiwa hivyo hivyo, inakamua vitu vikavu vikali na kuacha sukari za mbao. Ishushe mpaka asilimia 60 hivi kwanza, lita moja ya 96 inakupa kama lita moja na nusu na kidogo ya 60. Halafu hii alkoholi ya 96 kwa joto letu mvuke wake unashika moto hata bila kuipasha, kwa hiyo usimimine karibu na jiko la gesi, na mitungi isikae chini ya mabati ya jua.

Joto hilo ndo lilinifanya niache kufuata ushauri wa watu wa nchi za baridi. Kule Scotland pipa linapoteza asilimia 2 hivi kwa mwaka, mvuke unatoka polepole, mti unatoa polepole, kila kitu kinakwenda pamoja. Hapa wakati wa kaskazi, Januari Februari, stoo yangu usiku wa manane bado ni moto, mti unamaliza kutoa ndani ya siku chache, ila ile kazi nyingine, ya hewa kuingia na asidi na pombe kushikana polepole zikawa harufu za matunda, hiyo haikimbizwi na joto kiasi hicho. Mti unatangulia mbele sana. Mtu akiacha vijiti mwaka mzima kwa kuwa amesikia wiski inakaa na mti miaka, atapata uchungu mtupu na atalaumu mti. Mti hauna kosa.

Kwa hiyo mi sasa natenganisha. Mti unakaa kidogo, naonja kila baada ya siku mbili, tone kwenye kijiko na maji kidogo, na natoa vijiti ninapohisi bado kidogo, sio ninapohisi tayari, maana ukingoja tayari umechelewa. Kisha mtungi unabaki peke yake bila mti, theluthi moja tupu juu kwa ajili ya hewa, naufungua mara moja moja, na naupeleka chumba cha nyuma chenye ubaridi. Unakaa miezi. Hapo ndo kinywaji kinalainika, na hapo ndo watu wengi hawafiki kwa sababu rangi imeshawaridhisha. Ukija kushusha kutoka 60 hadi 40 tia maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ukimwaga yote mara moja kinavurugika kinakuwa na ukungu.

Na hapa niseme kitu bila kuzunguka, manake najua watu wa kwetu. Ukisoma haya usikimbilie kutia mfenesi kwenye chang'aa ya mtungini. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa lakini ikataka leseni, kupika nyumbani bila leseni ni kesi. Kesi yenyewe ni jambo dogo. Jambo kubwa ni methanoli, ile alkoholi yenye sumu. Mwaka 2014 mwezi wa Mei makumi ya watu walikufa nchini kwa vinywaji vyenye methanoli na wengine wakapofuka, na mara nyingi sio hata ya kupikwa, ni ya viwandani mtu mwenye tamaa anaichanganya. Mbao haiondoi methanoli. Kuzeesha hakuiondoi. Kitu kibaya zaidi, mti unaleta rangi na harufu nzuri, unakificha kinywaji ambacho kingekustua. Mi nikipewa chupa ya kahawia isiyo na mwenyewe natabasamu naiweka chini.

Siki sasa. Fundi alinipa mbao za siki na mi siwezi kudanganya mtu wa msikitini. Kumbe siki ndo ilitoka bora kuliko yote. Kwa kina signora kule Modena siki yao ya balsamiko ya asili inahamishwa pipa hadi pipa, mwaloni, mforsadi, mcheri na kadhalika, miaka isiyopungua 12, ile ya juu 25. Mi nikachukua vijiti vya mfenesi vilivyokwisha kutumika, bado vina utamu lakini ukali umekwisha, nikaviacha juani mpaka harufu ya pombe ikaisha kabisa, ila kwa ya fundi sikutumia hivyo, nilitumia vipya vilivyooshwa na kuokwa. Nikatia kwenye siki ya mnazi ya mjomba ambayo ilikuwa imeshakomaa. Siki haina haraka kama pombe, ukali wake unakamua mbao taratibu, ukisahau vijiti wiki nzima hakuna msiba. Ukiipaka kwenye changu wa kuchoma na kitunguu kibichi, mama ana wageni wake wanaomba chupa waende nayo Milano.

Fundi nilimpelekea yake, akaionja kwa kidole, akauliza umetia mti gani. Nikamwambia mfenesi. Akasema mwezi wa kusi kuna mforsadi unakatwa kwa shemeji yake huko Mambrui, nije na gunia.